Kofia za Taa Nyekundu

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ni fundi cherehani na anakaa ghorofa ya sita. Mimi nakaa ya tatu, kwa mwanangu na mkewe. Mwenyekiti wa kamati ya jengo anakaa chini kabisa, mlango wa kwanza ukiingia kushoto, ule wenye zulia la kufutia miguu. Nawaambia hayo mapema kwa sababu kisa hiki chote ni cha ngazi, na asiyejua nani anakaa wapi hataelewa watu waligombania nini.

Goti la kulia la wifi halikunjiki. Mahali tambarare anatembea vizuri, tena kwa maringo, lakini ngazi haziwezi. Miguu yake ilikuwa lifti. Kila asubuhi alishuka nayo amepakata cherehani yake ya mkono, akaenda kukaa kwenye kibaraza cha jengo, kwenye kona ya nguzo ambako mwanga unaingia vizuri na watu wote wanapita. Pale alishona, akasalimiwa, akapewa habari, akazitia chumvi, akazirudisha. Ukimwuliza kazi yake atakwambia ni kushona. Mimi namjua. Kushona ni kisingizio tu. Anachokipenda ni kukaa mahali watu wanapopita.

Sasa Mwenyekiti. Alikuwa mkuu wa ghala kabla ya kustaafu, na mtu aliyezoea kuwaamuru watu wa ghala hastaafu kuamuru. Siku moja alialikwa kwenye semina ya kuokoa umeme majumbani. Akarudi na begi la kitambaa, kalamu na ujumbe. Tukaitwa wote kibarazani.

"Ndugu wakazi," alisema, "humu majumbani mwetu kuna wezi."

Wanawake wakashika mikoba.

"Wezi wa taa nyekundu! Ukizima televisheni kwa rimoti, unadhani imezima? Haijazima. Imelala jicho moja wazi. Dikoda hivyo hivyo. Maikrowevu hivyo hivyo. Redio, ruta, chaja iliyoachwa ukutani, vyote vimelala jicho wazi, na hilo jicho linakula umeme usiku na mchana! Ile taa nyekundu mnayoiona, ndugu zangu, ndiyo mwizi mwenyewe."

Watu wakapiga makofi. Na nitasema haki: alichosema kilikuwa kweli karibu chote. Ni lile neno la mwisho tu lililotuponza, kwamba taa ndiyo mwizi.

Jengo letu lina mita moja kwa wote, iko kwenye kisanduku cha chuma karibu na mlango mkuu, na kila mtu humshuku mwenzake kwamba ndiye anayeizungusha. Kwa hiyo azimio lilipita upesi. Kila nyumba iondoe taa nyekundu. Kamati ikague. Mwisho wa mwezi nyumba bora ipewe zawadi. Na ili kamati ionyeshe mfano, lifti izimwe mpaka mita ipungue mwendo.

"Lifti?" akauliza wifi kutoka kwenye kona yake, sindano mdomoni. "Sasa mimi nitashukaje?"

"Kwa ngazi, mama, kama wenzako. Ni mazoezi."

"Wewe mwenyewe ngazi umepanda lini?"

"Mimi nakaa chini," Mwenyekiti akajibu, kama mtu aliyepata cheo hicho kwa kuchaguliwa.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Wifi alipanda na lifti jioni ile akidhani wanatania. Asubuhi alipofungua mlango akakuta karatasi imebandikwa juu ya kitufe cha lifti: LIFTI IMEZIMWA KUOKOA UMEME. KWA AMRI YA KAMATI. Chini yake muhuri wa buluu. Kila ghorofa ilikuwa na karatasi yake na muhuri wake, maana Mwenyekiti alijitengenezea muhuri hata kabla hajawa na kamati.

Kama ni hilo tu tungevumilia. Lakini karatasi nyingine ilibandikwa kwenye nguzo ya kibarazani. Kona isiyotumika ni mali ya jengo, ilisema, na ikikaa tupu mpaka mwisho wa mwezi itagawiwa mwenye kuihitaji. Tukauliza nani anaihitaji. Tukaambiwa kuna ndugu mmoja, mchapakazi, anauza chaja na kuwachajia watu simu. Ndugu huyo alikuwa shemeji wa Mwenyekiti, kaka wa mkewe.

Wifi akabaki juu. Tukajaribu kumletea kazi kwa kamba. Alishusha kikapu dirishani, mteja akatia kitambaa, kikapu kikapanda. Shida ilikuwa vipimo. Huwezi kumpima mtu kwa kikapu. Ikabidi mteja ajipime mwenyewe barabarani na kupaza sauti.

"Fundiii! Kiuno kimeongezeka!"

"Kimeongezeka kiasi gani?" wifi anapaza naye kutoka juu.

"Sana!"

"Sana ya kawaida au sana ya mwaka jana?"

Muuza viatu wa ng'ambo ya barabara akawa anavijua viuno vya mtaa mzima. Baada ya siku chache wateja wakapotea mmoja mmoja. Hakuna anayetaka kiuno chake kitangazwe.

Nilikuwa nampandia kila siku baada ya kazi za asubuhi. Napumzika ghorofa ya nne, napumzika ya tano, namfikia. Namkuta amekaa dirishani, anatazama chini kama mtu anayeangalia chakula cha jirani.

"Wifi," akaniambia siku moja, "ile kona wakimpa yule wa chaja, mimi nimekwisha. Hata lifti ikirudi nitashuka niende wapi? Nikakae kwenye zulia la Mwenyekiti?"

"Mita ikipungua lifti itarudi."

"Mita itapungua taa zikiisha, sivyo?"

"Ndivyo alivyosema."

"Basi mimi nitazimaliza hizo taa." Akainuka, akalifuata kapu lake la vitambaa.

Hapo ndipo kofia zilipozaliwa. Alitoa mwavuli mbovu, mweusi, wenye kitambaa kizito kisichopitisha kitu, akakikata vipande vya mviringo. Ndani akatia bitana ya koti kuukuu. Pembeni akapitisha lastiki aliyoichomoa kwenye soksi zisizo na wenzake. Akakunja pindo jembamba, akakaza, na ikawa kofia ndogo kama ya mdoli, ambayo ukiivika kwenye pembe ya televisheni inakamata, taa haionekani tena. Ya redio aliifanya ndefu kidogo. Ya maikrowevu, kwa sababu ile ina saa, aliishona kama kitambaa cha usoni, kinafunika tarakimu zote. Mimi nilimshikia mkasi. Alipomaliza tukafunga pazia, tukazima balbu, tukatazama. Giza tupu. Hatukuonana hata sisi wenyewe.

"Mwizi yuko wapi?" akauliza wifi gizani.

"Simwoni."

"Ameisha huyo!"

Nikaenda nazo mbili nyumbani. Mke wa mwanangu alipoziona akazipenda mno, akataka za kwake zifanane na mapazia. Jirani akaziona kwake, akataka zenye ua. Haikupita muda jengo zima likawa linapandisha vitambaa kwa kikapu, safari hii bila aibu maana televisheni haina kiuno. Wifi akashona mchana kutwa. Mke wa Mwenyekiti, ambaye ni katibu wa kamati kwa sababu ana mwandiko mzuri na kwa sababu analala karibu na mwenyekiti, aliagiza za lesi, tena pea, ya kuvaa na ya kubadilisha.

Ukaguzi ukawa sherehe. Mimi nilikuwa mjumbe wa ghorofa yetu, kwa hiyo nilikuwemo. Tunaingia nyumba ya watu, Mwenyekiti anaamuru, "Zima!" Wanazima balbu. "Funga!" Wanafunga pazia. Tunasimama gizani, tunageuka pole pole kama watu waliopoteza mlango. Mwenyekiti akiona hata chembe nyekundu anapiga kelele, "Ile pale!" Asipoiona anasema, "Giza bora," na Katibu anaandika, kwa kubahatisha, maana haoni karatasi.

Kamati za majengo mengine zikaja kutazama. Mwenyekiti akawapitisha nyumba kwa nyumba, mkono mmoja mgongoni, akiwaeleza habari za lastiki na bitana kana kwamba yeye ndiye aliyelala na soksi mikononi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Alianza kusema "mradi wangu", akaishia "kofia zangu".

Tatizo lilikuwa mita. Mita haina adabu, haipigi makofi. Ilipotazamwa, haikuwa imepungua. Ilikuwa imeongeza mwendo.

Mwenyekiti akaikodolea macho. "Haiwezekani. Kuna mtu ana taa ya siri."

Tukaanza kutafuta taa ya siri. Tukaangalia chini ya vitanda. Tukaangalia nyuma ya makabati. Mke wa mwanangu alitakiwa avue hereni zake, eti zinameta. Sababu ya kweli ilikuwa wazi, basi tu hakuna aliyeitaka. Zamani, mtu kabla ya kulala alikuwa anaiona ile taa nyekundu inamtazama, roho inamsuta, anainuka anachomoa. Sasa haioni. Kuna waliokuwa wanachomoa kila siku wakaacha. "Ya kwetu imevaa," wanasema, wanajifunika shuka. Vitu vilikuwa vinakula vilevile, ila sasa vinakula vimejifunika kama mgonjwa anayekula kwa siri chakula alichokatazwa.

Mwenye kuligundua hilo alikuwa wifi, na si kwa akili yoyote kubwa. Ana paka, mvivu, wa rangi ya majivu, na nilipopanda siku hiyo nilimkuta paka amelala juu ya dikoda kama kawaida yake, mkia umening'inia juu ya ile kofia. Wifi akamwinua ili anyooshe lastiki. Kiganja chake kikagusa dikoda. Akakiacha palepale.

"Wifi, njoo ushike hapa."

Nikashika. "Ina joto."

"Ni la paka?"

"Paka amelala juu, hajalala kila mahali. Shika ubavuni."

Akashika ubavuni. Akaenda kwenye televisheni, akaweka mkono mgongoni mwake kama anavyopimwa mtoto mwenye homa. Akaenda kwenye redio. Akaenda kwenye chaja iliyokuwa ukutani haijachomekwa kitu. Kila mahali anashika, anaguna.

"Vyote vina homa. Tangu asubuhi sijawasha hata kimoja." Akakaa kwenye kigoda chake. "Sufuria ukiikuta ya moto, utasema jiko limezimwa?"

"Siwezi kusema."

"Basi hivi vitu vinapikwa, wifi. Taa siyo mwizi. Taa ni mdomo tu. Tumbo liko humu ndani, na sisi tumeziba mdomo kwa kitambaa cha mwavuli."

"Kikulacho ki nguoni mwako," nikasema.

"Na nguo nimeishona mimi!" Akacheka, akacheka mpaka akajifuta macho, halafu nikaona hafuti tena machozi ya kicheko. Maana aliona sawasawa alichokifanya. Alitaka lifti irudi, akashona kwa mikono yake kile kilichoizuia isirudi. Kila kofia aliyoishusha kwa kikapu ilimwongezea ngazi.

Akainuka akachomoa plagi moja moja. Akazikusanya nyaya, akazifunga kwa vipande vya utepe ili zisitambae sakafuni. Kofia akazivua zote akazitia kapuni. Paka akakipanda kisanduku cha dikoda, akakaa kidogo, akakiona baridi, akashuka akatutazama kwa dharau. Tukajua tumepatia.

Nikashuka moja kwa moja kwa Mwenyekiti. Nilimkuta anakunywa maji, na Katibu anapiga pasi kofia za lesi.

"Mwenyekiti, kofia hazifai. Dawa ni kuchomoa plagi ukutani. Shika televisheni yako uone, ina homa."

"Bi Mkubwa," akasema kwa upole wa mtu anayezungumza na kiziwi, "mimi nimesoma semina."

"Na kwenye semina hawakusema mchomoe?"

Katibu ndiye aliyejibu, bila kuinua macho kwenye pasi. "Labda walisema baada ya chakula cha mchana. Huyu baada ya chakula cha mchana huwa hayupo."

"Nilikuwepo!"

"Mwili ulikuwepo."

Mwenyekiti akaweka glasi. "Tuseme ni kweli. Tuseme tu. Majengo mangapi yamekuja kuona kofia? Niwaambie nini leo? Kwamba watu wavue? Na hizo plagi, mtu akichomoa, nitakagua nini? Tundu la ukutani? Kofia inaonekana, Bi Mkubwa. Mradi lazima uonekane."

Nikarudi nyumbani nikajaribu kwa mke wa mwanangu. "Mwanangu, tuchomoe."

"Mama, tukichomoa maikrowevu, tukiirudisha saa itaandika sifuri sifuri. Wageni wakija waone sifuri?"

"Saa yenyewe umeifunika."

"Wageni wakija naifunua."

Nikaona nisimlaumu. Niliichomoa mwenyewe alipoenda kazini, na kabla hajarudi nikawa naichomeka. Sifuri zile nilizirekebisha kwa kubonyeza vitufe vyote mpaka kimoja kikakubali.

Mwezi ukafika ukingoni. Siku ya ukaguzi wa mwisho, shemeji alikuja asubuhi na meza yake ya kukunja, akaisimamisha kando ya ile kona, siyo ndani yake, kando tu, kama fisi anayesubiri. Zawadi ilikuwa imewekwa kwenye meza ya kamati, imefungwa kwenye karatasi ya maua. Watu wakasimama kibarazani kungoja.

Wajumbe wengine walikuwa na udhuru siku hiyo. Tukaenda watatu: Mwenyekiti, Katibu na mimi. Hapo nyuma Mwenyekiti hakuwahi kuvuka ghorofa ya tatu. Za juu alikuwa anatuma watu. Lakini nyumba ya wifi, mama wa kofia, ndiyo iliyotajwa sana kwa zawadi, na ukaguzi wa mwisho, kwa sheria aliyoiandika mwenyewe, unafanywa na mwenyekiti mwenyewe kwa miguu yake mwenyewe.

Ghorofa ya kwanza alipanda akizungumza. Ya pili alipanda akiitikia. Ya tatu akanyamaza. Tulipofika ya nne akaketi kwenye ngazi, uso umelowa, kifua kinapanda na kushuka.

"Huyu mama," akasema akihema, "kwa nini anakaa mbali hivi?"

"Alikuwa karibu tu," nikasema, "mpaka ulipobandika karatasi."

Akajitahidi kuinuka. Na katika kuinuka, suruali yake ya sherehe, ile ya kijivu, iliyoshonwa siku alipokuwa mwembamba, ikalia nyuma: traaa! Ni sauti ambayo mtu wa nyumba ya fundi hahitaji kuambiwa. Mshono wa makalio ulikuwa umeachia kutoka kiunoni mpaka panapokutana miguu.

Mwenyekiti akaruka na kuegemeza mgongo ukutani. "Kuna nini?" Katibu akauliza.

"Hakuna kitu. Napumzika."

"Mbona umebanana na ukuta kama mjusi?"

"Nimesema napumzika!"

Sasa ukuta aliouegemea ni ule wa pembeni mwa mlango wa lifti, na mgongo wake ulikuwa juu ya karatasi yenye muhuri. Nyuma ya karatasi kulikuwa na kitufe. Tukasikia mngurumo. Tukasikia kitu kinapanda shimoni. Kisha kengele, ting! Milango ikafunguka, na mwanga ukatumwagikia: taa nne darini, feni inazunguka, kioo kinametameta, na sauti ya mwanamke mwenye adabu ikasema, "Karibu."

Lifti ile haikuwa imezimwa. Haikuwahi kuzimwa hata siku moja. Mwezi mzima ilisimama ndani ya shimo lake imewasha taa, imewasha feni, inangoja kumkaribisha mtu, inakula na kunywa, na sisi sote tukapanda ngazi kwa kuheshimu karatasi.

"Wewe," Katibu akasema taratibu, na alipoacha kumwita Mwenyekiti nilijua mambo yamekuwa mabaya. "Lifti ulizima wapi?"

"Nilibandika."

"Nimekuuliza ulizima wapi."

"Nilibandika tangazo! Likipigwa muhuri, si ndiyo imezimwa? Kazi ya kubonyeza ni ya mtu mwingine."

"Mtu gani?"

Akafikiri. Ilionekana wazi kwamba ndiyo mara ya kwanza anafikiri juu ya huyo mtu. Kisha, kwa kuwa chini kulikuwa na umati na nyuma yake kulikuwa na upepo, akaingia lifti kinyumenyume. Tukamfuata.

Wifi alifungua mlango kabla hatujabisha. Akamtazama Mwenyekiti kuanzia juu mpaka chini.

"Karibuni. Mwenyekiti, pole na ngazi. Lakini mbona huhemi?"

"Tukague," akasema Mwenyekiti, akaingia kwa ubavu, mgongo umeelekea ukutani. "Zima. Funga." Kisha akasita. Macho yalikuwa yanatafuta. "Kofia ziko wapi?"

"Kapuni."

"Kwa nini hazijavaliwa?"

"Sina cha kuvisha. Vyote nimechomoa. Shika televisheni. Shika dikoda. Baridi kama maji ya mtungi. Hakuna taa, na hakuna kinacholiwa."

Mwenyekiti akashika dikoda. Nilimwona ameshika, nilimwona ameelewa, na nilimwona anakataa kuelewa. Akamgeukia Katibu. "Andika: hana kofia hata moja. Hajashiriki."

"Sijashiriki?" wifi akasema.

"Mradi ni wa kofia, mama. Wewe huna hata moja. Zawadi haiwezi kuja huku."

Nilitaka kufungua mdomo. Wifi hakubishana. Alikuwa hamtazami tena. Alikuwa anatazama nyuma yake, mlangoni, ukumbini, mahali milango ya lifti ilikuwa bado wazi kwa sababu Katibu alikuwa ameweka mkoba wake katikati.

"Mwenyekiti," akasema, "hicho ni nini kinachoonekana nyuma yako?"

Mwenyekiti akajipiga makofi nyuma kwa mikono yote miwili. "Hakuna! Nyuma yangu hakuna kinachoonekana!"

"Lifti, baba. Nasema lifti."

Katibu akacheka kwa kwikwi, akajifunika uso kwa karatasi za ukaguzi. Wifi hakucheka. Alikuwa ameshainua cherehani, ameipakata kama mtoto mchanga. "Wifi, chukua mfuko wa nyuzi. Mwenyekiti, samahani, nisaidie kigoda."

Sijawahi kumwona Mwenyekiti akipokea kazi kwa furaha kama siku ile. Alikipokea kigoda akakishika kwa nyuma, kikamfunika barabara, akaingia nacho lifti akitembea kama bata.

Milango ilipofunguka chini, umati wote uligeuka. Walimwona wifi mbele na cherehani yake, mimi na nyuzi, Katibu na karatasi zake, na Mwenyekiti nyuma amefungamana na kigoda. Halafu Mwenyekiti, kwa ile sauti ya ghalani, akasema:

"Ndugu wakazi! Kama nilivyoahidi, lifti imerudi!"

Wakapiga makofi. Ndivyo tulivyo. Katibu akauliza, kwa sauti ya kusikika vizuri, "Imerudi kutoka wapi?" lakini makofi yalikuwa mengi.

Wifi hakungoja hotuba. Alivuka kibaraza mpaka kwenye kona yake. Shemeji alikuwa ameshaisogeza meza ndani, chaja zimetandazwa, nyingine zimechomekwa ukutani hazina simu, zote zinawaka jicho.

"Mwezi umeisha," shemeji akasema.

"Utaisha jua likizama. Jua unaliona?"

"Nimeambiwa na Mwenyekiti..."

"Mwulize tena. Yule pale."

Shemeji akamtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti akamtazama wifi. Wifi akakitazama kigoda. "Naomba kigoda changu, nikae," akasema.

Watu hawakuelewa kwa nini Mwenyekiti alianza kutoka jasho kivulini. Wifi alikuwa ameelewa tangu kule juu. Jicho la fundi halikosi mshono uliofumuka. Akainama sikioni mwake, na kwa kuwa nilikuwa karibu nikasikia. "Nikipata kona yangu nitaushona sasa hivi, hakuna atakayejua. Nisipoipata, naomba kigoda."

"Shemeji," Mwenyekiti akasema kwa sauti ya kukatika, "toa meza."

Akatoa. Wifi akakaa. Mwenyekiti akapelekwa nyuma ya nguzo, akavuliwa suruali, akafungwa kipande cha pazia kilichobaki kwenye agizo la mke wa mwanangu, chenye maua makubwa, akaketishwa. Cherehani ikaanza kuimba.

Na kwa kuwa watu walikuwa wamejaa, Katibu akaona kikao kifanyike palepale. Akaeleza habari za homa na plagi, nami nikaeleza za paka, na watu wakaenda kushika chaja za shemeji wakahakikisha wenyewe. Likatolewa azimio: kofia zivuliwe, plagi zichomolewe. Lifti isizimwe, ila taa zake na feni yake ziwekewe swichi ili zisiwake ikiwa tupu. Kona ya nguzo ibaki ya fundi. Kisha Katibu akasoma kanuni ya kamati, ile aliyoitunga mumewe ili watu wasimpinge ovyo: mwenye kupinga azimio asimame, aonekane na wote.

"Kuna anayepinga?" akauliza, akimtazama mumewe.

Mwenyekiti akalishika pazia lake kwa mikono miwili. Akatazama suruali iliyokuwa bado chini ya sindano. Wifi akapunguza mwendo wa cherehani.

"Hakuna," Katibu akasema, akaandika.